Beri kwenye tumbo la ndege: baridi, hewa au blanketi?

Mkulima wa stroberi au bluberi anayetafuta soko la nje hukutana na maneno mengi kabla hajakutana na mnunuzi. Wakala wa mizigo humtoa wasiwasi: ndege ni ya haraka, na huko juu ni baridi kali. Muuza vifungashio humwonyesha mfuko wa kufunika paleti nzima na kuujaza hewa ya ukaa, akiapa kwamba ukungu hautaota. Mwingine humletea blanketi linalong'aa kama bati jipya. Wa nne humshauri aachane na ndege kabisa, apakie meli. Kila mmoja ana ukweli wake, na ndiyo maana mkanganyiko hauishi. Ukweli wa kila mmoja unahusu kipande kimoja tu cha safari.

Kwa Afrika Mashariki swali hili limeshakuwa la fedha. Kampuni ya Kakuzi ya Makuyu, kaunti ya Murang'a, iliyojulikana miaka mingi kwa parachichi na makadamia, imeingia kwenye bluberi, na wakulima wengine wa miinuko ya Kenya nao wameziotesha kwa ajili ya Ulaya na Ghuba. Upande wa Tanzania, mazao mengi ya bustani ya Arusha na Kilimanjaro yamezoea kupita Namanga ili kupanda ndege Nairobi. Safari yake huanza na saa kadhaa za lori na shughuli za mpakani. Mzigo ukifika Ulaya ukiwa umelowa na kuota ndevu za ukungu, mnunuzi hukata bei au huukataa wote, na nauli ya ndege hairudishwi.

Tunda linalopumua

Beri ikichumwa haifi. Huendelea kuvuta oksijeni, kuchoma sukari yake, na kutoa hewa ya ukaa, maji na joto. Wataalamu wa mazao wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wamepima jambo hili kwa makini. Kilo moja ya stroberi kwenye nyuzi 0 za Selsiasi hutoa mililita 6 hadi 10 za hewa ya ukaa kwa saa. Kwenye nyuzi 10 hutoa 25 hadi 50, na kwenye nyuzi 20 hufikia 50 hadi 100. Tunda lililoachwa kwenye kreti pembeni mwa shamba linakula akiba yake karibu mara kumi ya lile lililopozwa.

Embe na ndizi huchumwa mbichi zikaivia njiani. Stroberi na rasiberi haziwezi. Stroberi iliyochumwa ikiwa bado nyeupe begani itageuka nyekundu, lakini utamu wake hautaongezeka hata chembe. Kwa hiyo ni lazima ichumwe ikiwa imeiva au inakaribia kuiva, yaani wakati ule ule inapokuwa dhaifu kuliko wakati wowote. Anayejua forosadi halihitaji somo hili: tunda likishafaa kuliwa, tayari linapasuka vidoleni.

Halafu kuna ukungu. Ule wa kijivu, Botrytis cinerea, huingia tangu tunda likiwa ua, ukalala humo bila dalili, ukaamka baada ya mavuno. Baridi huupunguza kasi bila kuuzuia kabisa; hata kwenye nyuzi 0 hukua polepole. Mwenzake, Rhizopus, ule unaoangusha kikasha kizima kikawa uji, husimama joto likishuka chini ya nyuzi 5. Tofauti hii ndogo ina uzito mkubwa: mzigo uliokaa kwenye nyuzi 7 au 8, ambao mguso wa mkono ungesema ni baridi, umewapa maadui wote wawili nafasi.

Na beri zenyewe hazifanani. Zikitunzwa karibu na nyuzi 0, rasiberi huhesabiwa siku 2 hadi 5, stroberi kama wiki moja, na bluberi, yenye ngozi ngumu na unga wake mweupe wa nta, huvuka wiki mbili. Nusu ya mabishano kuhusu njia bora hutokana na watu kuzungumzia matunda matatu tofauti kwa jina moja.

Ndege si jokofu

Dhana kwamba baridi ya angani hulitunza tunda ni ya kuondolewa mapema. Kweli, nje ya ndege iliyo kwenye kimo cha safari joto hushuka hadi karibu nyuzi 55 chini ya sifuri. Lakini tumbo la ndege limefungwa na kujazwa shinikizo kama ilivyo kwa chumba cha abiria, na joto lake huchaguliwa kwa kuangalia mzigo wote uliomo. Humo huweza kuwamo maua ya waridi, mishiri, dawa, hata vifaranga wa siku moja wanaohitaji kupashwa joto. Beri, ambayo ingetaka nyuzi 0 hadi 2, ni mgeni mmoja kati ya wengi, na chumba hakipangwi kwa matakwa yake peke yake. Hewa ya humo pia ni kavu, na tunda ambalo zaidi ya asilimia 80 yake ni maji, kwa stroberi zaidi ya 90, hulegea na kukunjamana likipoteza hata sehemu ndogo ya maji hayo.

Hata hivyo, kuruka kwenyewe si sehemu ya hatari zaidi. Nairobi hadi Amsterdam ni takriban saa 8 na nusu hewani. Safari nzima, kuanzia mchumaji hadi rafu ya duka, huchukua siku mbili, tatu au zaidi. Kuna kupanga na kupima, kuna lori, kuna ukaguzi wa KEPHIS, taasisi ya Kenya ya kukagua afya ya mimea, na cheti chake, kuna mashine za usalama, kuna kufunga paleti na kusubiri ndege. Upande wa pili kuna kushusha, forodha, ukaguzi mwingine, ghala na lori jingine. Mzigo huharibika pale unapotoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Chukua dakika arobaini za uwandani. Paleti iliyotoka kwenye chumba cha nyuzi 2 inasukumwa hadi ubavuni mwa ndege, ndege bado inashusha mizigo ya abiria. Jua linapenya plastiki angavu ya vikasha, nayo plastiki inalizuia joto lisitoke. Hewa yenye unyevu inagusa ngozi baridi ya tunda na kugeuka matone, kama yanavyotokea kwenye chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Wafanyakazi wa mazao huita hali hiyo kutoka jasho. Matone hayo ndiyo ukungu uliyokuwa ukiyasubiri. Ikiwa uwanja huo ni Dubai au Doha mwezi wa Julai, joto likiwa juu ya nyuzi 40, dakika arobaini ni nyingi mno.

Hoja ya wenye chumba cha baridi

Kundi la kwanza husema: poza tunda mapema, litunze kwenye baridi hiyo hiyo, mengine ni mapambo. Lina ushahidi wa muda mrefu. Kwa stroberi, ushauri wa California ni kuanza kupoza ndani ya saa moja tangu kuchumwa, kwa kuwa kila saa ya ziada hupunguza kiasi cha tunda litakalofaa kuuzwa mwishoni.

Namna ya kupoza nayo ina maana yake. Kuweka makreti ndani ya chumba cha baridi na kufunga mlango ni sawa na kumpepea mtu aliyejifunika mablanketi: nje kunapoa, katikati ya paleti kunabaki na joto kwa saa nyingi. Mfumo unaofaa ni ule wa feni. Paleti mbili hupangwa sambamba, juu na nyuma hufunikwa turubai, na feni kubwa huvuta hewa ya ndani ya kichochoro hicho. Hewa baridi ya chumba, isiyo na njia nyingine, hulazimika kupenya kwenye matundu ya katoni na kulipita kila tunda. Kazi ya usiku kucha humalizika kwa saa moja hadi mbili.

Udhaifu wa kundi hili ni gharama na umeme. Chumba cha baridi chenye feni ni mtaji mzito kwa mkulima wa ekari moja, na umeme ukikatika saa tisa alasiri, hesabu yote huvurugika. Pia baridi ina ukingo: stroberi huganda karibu na nyuzi 0.8 chini ya sifuri, kwa hiyo kipimajoto kinachodanganya kwa nyuzi mbili huweza kulifanya tunda barafu. Na chumba hakisafiri. Baridi iliyojengwa shambani inaweza kupotezwa na dereva aliyezima jokofu la lori ili kuokoa dizeli.

Hoja ya hewa ya ukaa

Kundi la pili lina mizizi Salinas, California. Huko kampuni ya TransFresh imeeneza mfumo wa Tectrol, uliotokana na utafiti wa kampuni ya Whirlpool wa miaka ya 1960. Paleti iliyokwishapozwa hufunikwa mfuko wa plastiki na kufungwa chini kwa gundi. Pampu hunyonya hewa mpaka plastiki ishike makatoni kama ngozi, kisha huingizwa hewa ya ukaa. Kiwango cha asilimia 10 hadi 20 huuzuia ukungu wa kijivu usikimbie na huifanya stroberi ibaki imara. Matokeo yake yamethibitishwa kwa miaka mingi kwenye malori yanayovuka Marekani kutoka pwani ya magharibi hadi ya mashariki.

Ni mbinu nzuri. Tatizo ni kuiuza kama mbadala wa baridi. Mfuko ukifungwa juu ya tunda lenye joto, tunda hupumua kwa kasi, oksijeni hupungua na hewa ya ukaa hupanda kupita kiasi. Ikivuka asilimia 20 au 25, stroberi huanza kunukia pombe. Mpasuko mdogo wa uma wa foklifti humaliza kinga yote bila mtu kujua. Na mkaguzi akihitaji kuliona tunda, mfuko huchanwa. Hakuna njia nyingine ya kufika ndani.

Angani huongezeka jambo ambalo dereva wa lori halijui. Uwanja wa Jomo Kenyatta wa Nairobi uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Ndani ya ndege, shinikizo huruhusiwa kushuka hadi lile la kimo cha mita 2,400 hivi. Uwanja wa Schiphol wa Amsterdam uko mita 3 chini ya usawa wa bahari. Mfuko uliofungwa barabara Nairobi utavimba kwa karibu asilimia 10 ndege ikiwa juu kabisa, halafu ukitua Amsterdam utanywea, hewa yake ikipungua ujazo kwa karibu asilimia 18 ya ilivyokuwa Nairobi. Plastiki hukaza, mishono huvutwa, na palipo na tundu hewa ya nje huingia. Mfuko wa kulegea au wenye vitundu maalumu hustahimili, lakini basi haushiki tena kiwango cha hewa kilichoahidiwa.

Kisha kuna suala la muda. Faida ya hewa ya ukaa hujilimbikiza siku hadi siku. Kwenye safari ya lori ya siku nne au tano huonekana wazi. Kwenye mzigo unaofika Ulaya kesho yake, nafasi ya kufidia gharama ya mfuko ni finyu, isipokuwa mfuko ubaki umefungwa hadi ghala la mnunuzi.

Blanketi, jeli na barafu kavu

Blanketi la kukinga joto ni rahisi, jepesi, na linaeleweka vibaya kuliko vifaa vyote. Kazi yake ni ile ya chupa ya chai. Chupa haichemshi maji wala haiyapozi. Huyatunza jinsi yalivyomiminwa. Ukiifunika stroberi ya nyuzi 2, blanketi litaikinga na jua la uwandani kwa saa kadhaa, na joto la kupumua kwake lenyewe lingeipandisha kwa nyuzi moja hivi tu kwa siku. Ukiifunika ikiwa na nyuzi 20, umeifungia chunguni. Kwa viwango vile vya kupumua vilivyotajwa, mzigo usioweza kutoa joto ungepanda kati ya nyuzi 6 na 13 kwa siku moja. Mkulima anayenunua blanketi kwa sababu hana chumba cha baridi amenunua hasara yake mwenyewe, na inauma zaidi kwa kuwa aliyemuuzia alijua anachouza.

Mifuko ya jeli iliyogandishwa husaidia, ila ina uzito, na ndege hutoza kwa uzito au kwa ujazo, kwa kile kilicho kikubwa. Kanuni ya kawaida huhesabu mita moja ya ujazo kuwa kilo 167. Beri tayari husafiri ndani ya vikasha vyenye nafasi tupu nyingi, kwa hiyo kila kifaa cha ziada hula nafasi ya tunda. Hapo pia kuna mvutano ambao watengeneza katoni hawaukwepi: matundu yanayoruhusu baridi ya feni kuingia ndiyo yanayoruhusu joto la uwandani kuingia. Ndiyo sababu blanketi na matundu huenda pamoja, matundu kwa ajili ya kupoza, blanketi kwa ajili ya safari.

Barafu kavu, yaani hewa ya ukaa iliyogandishwa kwenye nyuzi 78.5 chini ya sifuri, huonekana kama jibu la yote mawili, baridi na hewa. Angani imefungwa mikono. Imo kwenye orodha ya bidhaa hatari, kwa namba UN1845, kwa kuwa kilo moja hugeuka kuwa zaidi ya lita 500 za hewa isiyofaa kupumuliwa. Shirika la ndege huweka kikomo cha kiasi chake na haliiweki jirani na vifaranga au mbwa. Vikasha vilivyo karibu nayo huganda huku vya mbali vikibaki na joto. Makontena yenye jokofu lake lenyewe, ya aina ya Envirotainer, hulimaliza tatizo hilo kwa ustadi, lakini bei yake imepangwa kwa chanjo na dawa.

Hoja ya meli

Kundi la mwisho husema swali lenyewe limekosewa. Peru imepanda hadi kileleni mwa wauzaji wa bluberi duniani, na sehemu kubwa ya tunda lake husafiri baharini kwenye makontena ya jokofu yanayodhibiti hewa. Kwa nauli na kwa moshi, meli ina ushindi ambao hauna ubishi. Ndege hutoa hewa chafu mara makumi kwa kila kilo inayobeba. Wanunuzi wanalijua hilo. Mwaka 2007 maduka ya Tesco na Marks & Spencer nchini Uingereza yalianza kubandika alama ya ndege kwenye mazao yaliyosafiri angani, jambo lililowashtua sana wakulima wa Kenya.

Lakini meli ni kwa bluberi peke yake. Rasiberi ya siku tano haiwezi kuvuka bahari. Na kwa Mombasa njia yenyewe ilirefuka: mashambulizi dhidi ya meli kwenye Bahari ya Shamu yalipoanza mwishoni mwa 2023, meli nyingi zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, zikiongeza takriban wiki mbili. Bluberi iliyochumwa kwa hesabu ya mwezi mmoja haina akiba ya kulipia wiki hizo.

Kupima

Hoja hizi zikiwekwa pamoja, zinafuatana kwa zamu. Kupoza kwa feni ni msingi, kwa kuwa vingine vyote hutunza au huongeza kile ambacho baridi imeanzisha. Blanketi linafuata, kwa sababu linaziba pengo lililo wazi zaidi, la uwandani. Hewa ya ukaa ni ya tatu, kwa stroberi zinazokwenda mbali au bluberi zitakazokaa ghalani, na kwa sharti kwamba ukaguzi umalizike kabla mfuko haujafungwa. Meli ni mpango wa bluberi wa wakati njia ni tulivu. Rasiberi haina chaguo: ni ndege ya moja kwa moja, au soko la karibu. Na soko la karibu lisidharauliwe. Hoteli za Nairobi, Arusha na Zanzibar nazo hununua beri.

Mkulima mdogo asiye na mtaji wa chumba chake ana hatua zisizo za gharama kubwa. Achume alfajiri, tunda likiwa na baridi ya usiku, na amalize kabla jua halijakaza. Asilioshe, kwa kuwa maji ni mlango wa ukungu. Mchumaji aweke tunda moja kwa moja ndani ya kikasha kitakachofika dukani, lisishikwe mara ya pili. Wakulima kumi wakiungana kwenye chumba kimoja chenye feni karibu na mashamba, watapata zaidi ya kila mmoja kununua mifuko ya Salinas.

Linabaki suala la nani hubeba hasara, na hapo ndipo wakulima wengi huumizwa bila haki. Mzigo ukikataliwa, wakala husema ulitoka shambani ukiwa mbovu, shirika husema uliletwa umechelewa, mnunuzi hutuma picha. Mkulima hana cha kujibu. Kifaa kidogo cha kurekodi joto, kinachowekwa katikati ya paleti badala ya juu yake, hubadilisha mazungumzo hayo. Mstari wake huonyesha nyuzi 2 wakati wa kutoka shambani, 3 njiani, kisha 14 kati ya saa fulani na saa fulani uwanjani, kabla ya ndege kuruka. Mkataba unaotaja kikomo cha dakika za kukaa uwandani, pamoja na rekodi hiyo, humpa mkulima mahali pa kuanzia kudai nauli yake.